Marehemu au Hayati?

Tangazo la kifo likitolewa Migosi, Kisumu, jina hutanguliwa na “marehemu”. Kwa asili ya Kiarabu ni aliyerehemiwa, na mwenye kurehemu ni Mungu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wasio na dini, ingawa si lazima wote wamkane Mungu. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda dhamiri zao wangali hai; wakifa, tuwaiteje? Utasema neno limekwisha kuchujuka, siku hizi ni “aliyekufa” tu. Sikubali: “rehema” ingali hai makanisani, misikitini, hata katika majina ya mabinti.

Afadhali “hayati”, litokanalo na neno la Kiarabu la uhai, ijapokuwa tumezoea (kwa ubahili tu) kuwawekea wakubwa kama Jomo Kenyatta. Atapinga mwingine kwamba uhai usio na ahera hauna maana. Basi na asikilize hotuba za matanga: karo iliyolipwa, ugomvi uliosuluhishwa, mayatima waliolelewa. Hata waumini, wakimpima mtu, huanza na aliyoyatenda hapa duniani, na hayo asiyeamini anayo pia.