Ziwa Lile Lile

Msomaji wa pwani, iache bahari kidogo unifuate bara, hadi Mwanza. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kurasa chache za Kiingereza nizitie Kiswahili, ziwe kijitabu cha wageni. Ukurasa wa kwanza ulidai kwamba mandhari ya mwambao huu, tangu Speke aliposimama hapa mwaka 1858, ni “unchanged”. Neno moja tu. Sikusomea kazi hii chuoni, Kiingereza changu nilikiokota katika kamusi zilizochakaa, na bado nilidhani ningelimaliza kabla ya chai kupoa. Lilinichukua siku tatu.

Kwa Mwingereza neno hilo halina shida. Ni kivumishi kilichotulia: hakisemi ni lini, wala ni nani aliyekiacha kitu kama kilivyo. Kiswahili hakina kivumishi cha namna hiyo. Kina kitenzi, na kitenzi chetu hakitembei bila wakati wake. Ukisema mandhari isiyobadilika, umetoa hukumu ya jana, leo na kesho, kama tusemavyo juu ya Mola. Ukisema haikubadilika, umefunga kitabu. Ukisema haijabadilika, umeacha mlango wazi, maana ile -ja- inangoja, na msikilizaji hujiongezea mwenyewe “bado”. Geuza kauli useme haijabadilishwa, na hapo umekwisha kumleta mtu: yuko mwenye mkono, ila hajaunyoosha. Tena liko neno la nyumbani, ile ile, ambalo halidai kwamba kitu hakikuguswa, bali kwamba mtu amekirudia akakitambua. Wapenzi wa mashairi wanalijua hili bila kufundishwa. Kibwagizo hurudi kila ubeti kwa maneno yale yale, na maana yake hairudi ilivyokuwa.

Ilinibidi basi nilihoji ziwa lenyewe linastahili neno lipi.

Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akimwacha Burton mgonjwa, akalifikia ziwa kwa upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Alikuwa naye Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa, akakulia Bara Hindi. Speke alisema na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akasema na watu wa njiani kwa Kiswahili. Sisi wafasiri tuna haki ya kumsalimu mzee huyu, maana habari nyingi alizoandika bwana wake zilipita kwanza kinywani mwake. Wenyeji wa kusini waliliita ziwa Nyanza. Waganda waliliita Nnalubaale, na Waluo Nam Lolwe. Speke akalipa jina la malkia wake. Ikiwa siku hiyo ndiyo kipimo cha kutobadilika, basi siku yenyewe ilianza kwa kubadilisha.

Na maji? Wachunguzi wa tope la chini wanatuambia kwamba miaka ipatayo 15,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka sana, na mwaka 2020 likapanda tena hata kuingia katika nyumba za mwambaoni. Speke akifufuka leo hataukuta ukingo aliousimamia.

Lakini kilichonikata maini ni samaki. Ziwa lilikuwa na furu, vijisamaki vya rangi rangi, aina zipatazo 500, na nyingi kati yake hazikupata kuishi popote pengine duniani. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 akatiwa humo sangara. Kwa muda hakuna aliyeona jambo. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara akafurika. Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakihesabu samaki katika Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaona nyavu zao zikiacha kuleta furu, na inakadiriwa kwamba aina kama 200 zilitoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa, na minofu ikasafirishwa Ulaya. Miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kuonekana tena, ila walipopimwa, aina kadhaa zilikutwa zimegeuka umbo na chakula. Wamerudi, na si wale wale. Hata sato ambaye mgeni huletewa kwa ugali akiambiwa ni wa asili, mara nyingi ni mgeni kama yeye, aliyeingizwa miaka ya 1950. Ngege, mwenyeji wa kweli, amekuwa adimu.

Uso wa maji hausemi lolote kati ya haya. Kwa mtazamaji wa juu ya kilima, mandhari ni ile ile.

Siku ya tatu nilimkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kinachoonekana kaskazini ya Mwanza hewa ikitakata. Alizaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe, juu ya maisha ya mume na mke kama wazee wake walivyoyajua kabla ya Wazungu, ili yasipotee. Hakupata wa kuichapa. Wasomaji wa Kikerewe, aliambiwa, ni wachache. Basi akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na mwandishi akafariki mwaka 1981, nakala zisijamfikia mkononi. Mtu aliyetaka kuhifadhi maneno ya babu zake ilimlazimu ayaache kwanza. Ruhumbika, naye wa Ukerewe, akaitia Kiingereza kutoka Kikerewe mwaka 2002. Nikiisoma ile ya Kiswahili huwa nasimama kwenye majina ya samaki, mitego na dawa, ambayo Kitereza aliyaacha kwa Kikerewe. Hapo mfasiri alikataa kubadili, na hapo ndipo msomaji wa pwani hujikwaa. Na ajikwae.

Nilirudi kwenye ukurasa wangu. Mbele ya mji kuna jiwe lililokaa juu ya majabali mengine majini, Wajerumani wakaliita la Bismarck, kansela ambaye hakukanyaga huku. Nikaandika: “Majabali ya mbele ya mji hayajahama.” Nililiona neno hilo kuwa la haki, nikapeleka kazi.

Kijitabu kilipotoka, sentensi yangu ilikuwa imefutwa. Pameandikwa mandhari isiyobadilika. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 za zege juu ya ghuba, na kivuko kilichokuwa kikitungoja pale tangu ujana wangu hakitungoji tena.