Riwaya za Bwana Msa na msamiati wa kale (Kanda ya Ziwa)

Riwaya za Bwana Msa ni mfululizo wa hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Kwa wasomaji wa Mwanza, Ukerewe, Musoma na Bukoba, ambao wengi wao walianza na Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya nyumbani, ni mlango bora wa kuingilia Kiswahili cha Unguja cha kabla ya Mapinduzi ya 1964.

Mwandishi na vitabu

Abdulla alianza kazi akiwa mkaguzi katika idara ya afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alihariri jarida la Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafikiye Najum, wametokana waziwazi na Sherlock Holmes na Daktari Watson wa Arthur Conan Doyle. Ila kilichokopwa ni umbo tu. Mabaraza, mashamba, ndoa na ugomvi wa mirathi ni vya Unguja yenyewe.

Namna msomaji anavyojifunza

Hadithi ya upelelezi haitupi kitu ovyo. Taa, barua au kofia iliyotajwa mwanzoni yaweza kurudi mwishoni, mpelelezi anapofumbua fumbo mbele ya wote. Kwa hiyo neno geni humpitia msomaji mara mbili: kwanza likiwa jina tupu, kisha likiwa na kazi yake. Anayetaka kumjua mhalifu kabla ya Bwana Msa hana budi kulikamata mapema, na hamu hiyo hufundisha kuliko orodha yoyote ya msamiati ubaoni.

Kamusi ya kuambatana nayo ni ile ya Frederick Johnson ya 1939, ijapokuwa maelezo yake ni ya Kiingereza. Ilitungwa karibu na zama zenyewe, na kwa kuegemea Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) nayo yafaa.

Msamiati wenyewe

Fedha husumbua kidogo. Unguja ilitumia rupia hadi 1936, shilingi ilipochukua nafasi yake. Bara nako kulikuwa na rupia, ya Wajerumani, ambayo tangu 1904 iligawanywa kwa heller 100. Ndiyo asili ya hela, neno lisilokauka midomoni pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mwanza hela ilibaki, rupia ikasahaulika.

Karabai, taa ya pampu, haimtishi mtu wa ziwani. Wavuvi wa dagaa waliitumia miaka mingi: giza la mwezi likiingia, taa inajazwa mafuta, inapigwa pampu mpaka inavuma, kisha inawekwa ielee majini ivute dagaa kwenye wavu. Siku hizi taa za sola zinaiondoa. Tarbushi, kofia nyekundu yenye kishada, huhitaji picha.

Kundi gumu zaidi ni la sheria za Kiislamu: wasia, wakfu, eda, kadhi. Msomaji aliyelelewa kigangoni au seminarini hulipita kwa haraka, na hilo ni hasara kubwa, kwa kuwa mara nyingi sababu ya kuua imejificha humo.

Askari kanzu, yaani polisi asiyevaa sare, bado anaitwa hivyo.

Kwa Kiingereza

Wanafunzi wa sekondari wanaomsoma Doyle katika lugha yake hukwama kwenye magari ya farasi ya London na vyombo vya kutengenezea maji ya soda. Mbinu ya kulikamata neno mapema ni ileile.

Waandishi wa ziwani

Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi (1944–2020), wote wa Ukerewe, hawakufuata njia ya upelelezi. Kitereza alimaliza riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka 1980, nayo imesheheni msamiati wa kale wa kilimo, ugonjwa na ndoa ambao mtu wa Unguja ndiye atakayehitaji kufafanuliwa.