Sadaka Mbele ya Madhabahu: Upatanisho katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika imani ya Kikristo, anayeanza kupatanisha ni Mungu. Paulo, katika 2 Wakorintho 5:18–20, hamwoni mwanadamu akihangaika kumtuliza Mungu aliyekasirika. Mungu mwenyewe ndiye anayeupatanisha ulimwengu naye kwa njia ya Kristo, kisha huwakabidhi waliopatanishwa huduma hiyohiyo. Mathayo 5:23–24 huonekana kuupindua mpangilio huo, kwa kuwa mwenye sadaka huagizwa aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza kwa ndugu yake. Mgongano huo ni wa juujuu. Neema haingoji ruhusa ya ndugu, lakini anayeipokea hana njia ya kumkwepa ndugu huyo. La kuzingatiwa zaidi ni nani anayetumwa: si aliyekosewa, bali yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Mahubiri mengi huligeuza agizo hili, yakamtwika aliyeumizwa mzigo wa kusamehe huku aliyeumiza akiendelea na ibada.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulilichukua agizo hilo kama lilivyo. Chimbuko lake huhusishwa na urafiki wa Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari mmisionari Joe Church, waliokutana Namirembe mwaka 1929, na kituo cha hospitali cha Gahini, Rwanda, ambako moto wake uliwaka katika miaka ya 1930 kabla ya kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake, walioitwa Walokole, yaani waliookoka, waliungama hadharani, na maungamo yao yalikuwa na gharama. Aliyeiba vifaa vya hospitali alivirudisha. Aliyedhulumu ng'ombe alimpeleka kwa mwenyewe. Wapo wamisionari waliowaomba radhi Waafrika kwa kiburi cha rangi, jambo ambalo katika koloni la wakati ule lilikuwa nadra kuliko miujiza. Mfano wao ulikuwa Zakayo wa Luka 19, ambaye toba yake ilitajiwa kiwango: mara nne ya alichodhulumu.

Nguvu ya ushirika wa Walokole ilipimwa nchini Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Walokole wengi walikataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, na wapo waliokataa pia bunduki za walinzi wa upande wa serikali. Baadhi waliuawa. Ujasiri wao haupingiki, ila ulikuwa na upofu wake. Katika mikutano ya ushirika ziliungamwa hasira, wivu, ulevi na wizi wa pesa za watu. Unyang'anyi wa ardhi, uliokuwa kiini cha vita vyenyewe, haukuwa na mtu mmoja wa kusimama na kuuungama. Dhambi isiyo na mwenyewe ilibaki nje ya mlango.

Rwanda ilifichua upungufu huo kwa ukatili usio na mfano. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, katika nchi iliyouzaa Uamsho na ambayo wananchi wake wengi walikuwa Wakristo, watu waliuawa ndani ya makanisa, yakiwamo ya Ntarama na Nyarubuye. Wapo Wakristo waliokufa kwa kuwaficha majirani. Hata hivyo toba ya mtu binafsi, hata ikiwa ya kweli, haikuigusa chuki ya kikabila iliyokuwa imepangwa katika vitambulisho, shule na hata uongozi wa makanisa. Biblia haikukosa njia ya kuishughulikia: Nehemia 9 na Danieli 9 zina maungamo ya taifa zima, pamoja na dhambi za mababa. Papa Fransisko alikaribia mkondo huo Machi 2017, alipomwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na waamini wake nchini Rwanda.

Mahakama za kijamii za gacaca, zilizosikiliza kesi za mauaji hayo na kufungwa mwaka 2012, zilipunguza adhabu kwa waliokiri, na hapo ungamo likaweza kuwa biashara. Lakini pia zilidai mambo ambayo toba ya kanisani mara nyingi huyapuuza: kusema mwili ulitupwa wapi, na kulipa mali iliyoporwa. Wadaiwa wengi hawakuwa na kitu, na baadhi walikubaliana na manusura kulipa kwa kazi ya mikono. Makubaliano hayo yanalikaribia agizo la Mathayo kuliko ibada nyingi za msamaha, kwa sababu aliyekosa ndiye anayekwenda, na aliyekosewa ana sauti katika kukubali au kukataa.