Shimo Nyuma ya Nyumba

Nilipoanza kuandika tasnifu yangu kuhusu Radio Tanzania, nilikuwa nimeshatoa hukumu: ilikuwa sauti ya serikali, basi. Kisha nikamuuliza bibi anakumbuka nini. Hakutaja hotuba hata moja. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mahali kilipochimbwa choo chao cha kwanza.

Ilikuwa mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kufukia madimbwi ya mbu, kuchimba vyoo.

“Babu yako alichimba siku tatu,” bibi alisema. “Tulikuwa tumeshazika watoto wawili kwa kuhara.”

Redio ile haikuwa na nafasi kwa mpinzani, na hilo nimeliandika bila kulipunguza. Lakini najiuliza: mfanyabiashara gani angegharamia wiki 12 za kumhimiza mwanakijiji achimbe shimo kwa jembe lake mwenyewe? Hapakuwa na cha kuuza. Sura yangu ya tatu nimeifuta, naianza upya.