Alama za Kampala Zinavyosaidia Hospitali Kujiandaa kwa Majeruhi

Majeruhi wa ajali anapofikishwa katika idara ya dharura, watoa huduma hulazimika kuamua mengi kabla ya picha wala majibu ya maabara kupatikana: damu iandaliwe, chumba cha upasuaji kiwekwe tayari, kitanda cha wagonjwa mahututi kihifadhiwe, ama jeraha lishonwe na mhusika aruhusiwe kurejea nyumbani.

Nchini Uganda, wataalamu akiwamo daktari bingwa wa upasuaji Olive Kobusingye walibuni kipimo kiitwacho Kampala Trauma Score, kilichokusudiwa hospitali zenye vifaa vichache. Kipimo hicho huangalia mambo matano: umri, idadi ya majeraha makubwa, shinikizo la juu la damu, idadi ya pumzi kwa dakika na hali ya fahamu. Jumla ya alama huanzia 5 hadi 16. Mwenye 14 au zaidi huhesabiwa kuwa na majeraha madogo, 11 hadi 13 ya wastani, na chini ya 11 makubwa. Muuguzi mwenye saa na mashine ya kupimia shinikizo la damu anaweza kukamilisha kazi hiyo kwa dakika chache, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Hata hivyo, alama hizo zinaweza kumficha mgonjwa. Kijana mwenye umri wa miaka 25 aliyegongwa tumboni, akiwa na fahamu kamili, pumzi 24 kwa dakika, shinikizo la 110 na jeraha kubwa moja, hupata alama 15. Kwa hesabu hiyo ni majeruhi wa kawaida. Lakini iwapo moyo wake unapiga mara 120 kwa dakika, huenda anavuja damu ndani, kwa kuwa mwili wa kijana hubana mishipa na kulinda shinikizo lisishuke mapema.

Kwa sababu hiyo hutumika pia kipimo kingine, cha kugawanya mapigo ya moyo kwa shinikizo la juu. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 0.5 na 0.7, kijana huyo ana 1.09. Tofauti hiyo yatosha kuitaarifu benki ya damu na daktari wa upasuaji mapema, kwani kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji huchukua muda. Vipimo hurudiwa kila baada ya dakika chache hadi hali itakapotulia.