Mtemi, Sultani, Chifu

Mshairi anayetaka kumtaja mtawala wa kale wa Ntuzu, nchi ya Bariadi, ana maneno matatu ya kuchagua: mtemi, sultani na chifu. Chifu lina mizani mbili, mtemi lina tatu. Lakini hitilafu yao haikomei kwenye mizani. Kila neno lilikuja na utawala wake.

Mtemi ni la wenyeji. Kwa Kisukuma husemwa ntemi, na wengi hulinasibisha na kitenzi kutema, yaani kukata. Kukata nini? Wapo wasemao ni kukata msitu, kwa kuwa mtemi wa kwanza ndiye aliyefyeka pori watu wakapata pa kulima. Wapo wasemao ni kukata mashauri. Msemaji wa Kiswahili haoni taabu kuielewa maana hii ya pili, kwani nasi twakata shauri na twakata rufaa. Neno moja, basi, lilibeba shoka na hukumu. Waliomchagua mtemi walikuwa wazee waitwao banang'oma, na mvua isiponyesha, aliulizwa yeye.

Wajerumani waliandika "Sultan", jina la watawala wa pwani, wakalitandaza hadi bara. Likamtosha Mkwawa wa Uhehe kama lilivyowatosha watemi wa Usukuma. Waingereza wakaja na "chief". Hilo kwao lina maana nyingi: mtawala wa kabila, mkubwa wa kazi, jambo lililo la kwanza, na asili yake ya Kilatini ni kichwa. Tazama wafasiri wetu walivyoligawa. Mahakamani ni Jaji Mkuu, jeshini ni Amiri Jeshi Mkuu, gazetini ni Mhariri Mkuu. Likifika Bariadi halifasiriwi, huachwa chifu.

Mgawanyo huo una historia. Chini ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, chifu alilipwa mshahara na kusimamia kodi. Aliyekuwa akiwajibika kwa banang'oma sasa akawajibika kwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Kumwita mtu huyo chifu si kosa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa mpya. Kosa ni kulirudisha jina hilo nyuma, kwa watu walioishi kabla ya mshahara huo.

Mwaka 1963 serikali ya Mwalimu Nyerere, ambaye baba yake alikuwa mtawala wa Wazanaki, ilifuta mamlaka ya machifu. Cheo kikaisha, maneno yakabaki. Septemba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliposimikwa huko Kisesa, Magu, vyombo vya habari vilimwita Chifu Hangaya. Mtemi nalo limeshukia mitaani: leo anayewaonea wenzake huambiwa anafanya utemi. Mkata mashauri amegeuka mbabe.

Kamusi hurekodi mabadiliko hayo, haiwezi kuyazuia. Mshairi aweza kitu. Ukiandika juu ya Ntuzu, Itilima au Kanadi za kabla ya wageni, tia mtemi, na katika ubeti huohuo umpe shoka lake, baraza lake na mvua yake, msomaji asimdhanie mbabe. Ukimwandika msimamizi wa kodi wa mwaka 1930, chifu latosha.