Mulondo

Mulondo (*Mondia whitei*) ni mmea wa asili ya Afrika wa jamii ya Apocynaceae, unaokua kwa kujizungusha kwenye miti. Jina hili ni la Kiganda. Magharibi mwa Kenya huitwa mkombero. Mizizi yake huchuuzwa barabarani Kampala na kutafunwa mibichi. Kupendwa huko ndiko kunakouponza, kwani anayeung'oa msituni huua mmea mzima. Bustani ya nyumbani inaweza kuunusuru.

Maumbile. Shina hufikia mita 3 hadi 6 na likikatwa hutoa utomvu mweupe. Majani ni makubwa, yenye umbo la moyo, na huota mawilimawili yakitazamana. Yanapoungana na shina kuna kishada cha meno laini, alama nzuri ya kuutambulia. Maua yana rangi ya zambarau na kingo za rangi ya malai. Matunda pia huwa pachapacha. Yakikauka hupasuka na kuachia mbegu zenye nywele kama hariri, zinazopeperushwa na upepo. Mtaalamu wa mimea Hooker aliuelezea kisayansi mwaka 1871. Jina *Mondia* limetokana na neno la Kizulu, *umondi*.

Matumizi. Mzizi ukikwaruzwa kwa ukucha hunukia vanila. Kiini cha harufu hiyo kina atomi zilezile za vanilini, ila zimepangwa tofauti. Watu huutafuna kuamsha hamu ya kula, kutuliza tumbo na kuongeza nguvu za kiume. Kuhusu uzazi, majaribio kwa panya dume yametoa majibu yanayopingana, hivyo usichukuliwe kuwa mbadala wa tiba ya hospitali.

Kuupanda nyumbani. Mbegu mbichi husiwa kwenye viriba vyenye udongo laini uliochanganywa na samadi. Miche huhamishwa mvua zinapoanza, Machi au Septemba, na kupandwa kwenye kivuli chepesi, mahali pasipotuama maji, kando ya mti au nguzo ya kupandia.

Wakati wa kuvuna, fukua upande mmoja tu wa shina, kata mizizi michache ya pembeni, uache mzizi mkuu, kisha fukia na kutandaza majani makavu. Acha pia matunda kadhaa yakomae. Mbegu zake, zikigawiwa majirani, zitawapatia mulondo wao wenyewe, na msitu utapumua.